Mboga Zitangulie, Samaki Afuate

Siku za kazi natoka ofisini Posta saa kumi na moja jioni, nateremka kwa miguu hadi Magogoni, na kabla sijaingia kwenye foleni ya pantoni napita Feri. Ni dakika kumi au kumi na tano tu, lakini ndizo zinazoamua nyumbani tutakula nini. Anayevuka kwenda Kigamboni kila siku ana bahati hiyo: Feri, soko kubwa la samaki la Dar es Salaam, liko njiani kwake, jirani kabisa na kivuko. Kwa miaka mingi sikuitumia. Samaki kwangu alikuwa kazi ya Jumamosi. Umpare, umtumbue, umtie viungo, umkaange kipande kwa kipande ukiwa umesimama mbele ya karai, halafu ndipo uanze mchuzi. Ukimaliza hapo, nguo na nywele vyote vinanuka mafuta. Siku ya kazi muda huo sina. Basi katikati ya wiki tulikula maharage, tulikula mayai, na mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, watoto walikula chipsi za kununua.

Sasa samaki ni chakula chetu cha Jumanne na Alhamisi. Anaokwa pamoja na mboga kwenye trei moja, na muda wangu wa kusimama jikoni haufiki nusu saa. Ila nilichelewa kuelewa jambo moja, na ndilo lililonikalisha leo niandike: mboga na samaki haviivi kwa muda mmoja, kwa hiyo visiingie motoni kwa wakati mmoja. Mapishi mengi ya samaki wa kuoka ninayokutana nayo yanasema panga vyote kwenye trei, oka dakika thelathini, pakua. Mtu akiyafuata anapata viazi vigumu na samaki mkavu, kisha anaapa kwamba oveni ni ya keki.

Ndivyo ilivyonitokea mara ya kwanza. Nilinunua changu wa kilo moja hivi, nikamchanja, nikampaka tangawizi na kitunguu saumu, nikamlaza juu ya viazi nilivyokata vinene kama vya mchuzi, pamoja na karoti, hoho na nyanya nne zilizoiva sana. Baada ya dakika 25 samaki alikuwa tayari, lakini kiazi nikikichoma kwa kisu kinagoma. Nikaongeza muda. Dakika ya 45 viazi vikakubali. Kufikia hapo trei imejaa maji ya nyanya, na yule changu amekauka, nyama ya mgongoni inachambuka kama nyuzi za katani. Mama yangu alikula kimya. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Mwanangu, huyu samaki umemwadhibu."

Mama ni mtu wa Pangani. Alihamia kwangu baada ya baba kufariki, na alikuja na jiko lake kichwani: nazi, ndimu, kubanika. Kwao samaki akitoka majini hapelekwi moja kwa moja kwenye karai. Anapasuliwa, anabanwa kwenye kijiti, kijiti kinasimamishwa pembeni ya makaa, samaki anaiva polepole kwa joto la ubavuni. Usiku ule, tukiosha vyombo, aliniuliza kitu ambacho hakuna mpishi wa mtandaoni aliyewahi kuniuliza: "Hivi nyinyi mnatia samaki na viazi pamoja? Sisi tulikuwa tunafukia mihogo kwenye majivu ya moto kwanza. Muhogo ukianza kulainika ndipo tunambanika samaki. Muhogo unatangulia."

Muhogo unatangulia. Nililala nalo neno hilo.

Jambo la pili nililolipata kwa mama ni kwamba oveni si ngeni jikoni kwetu kama tunavyodhani. Siku nilipomfungulia mlango aone ile nondo ya juu ilivyowaka nyekundu, aliitazama kidogo akasema, "Kumbe linapalia." Na kweli. Wali wa kupalia, mkate wa kumimina, vyote hivyo vinaiva kwa moto wa chini na makaa yaliyowekwa juu ya mfuniko. Bibi zetu waliijua kanuni ya moto juu na moto chini kabla hapajawa na swichi ya kuzungusha. Tofauti ni kwamba wao walipima joto kwa kuongeza na kupunguza makaa, na mimi napima kwa namba. Tangu siku hiyo mama hajaiogopa tena oveni, na mimi nimeacha kuiona kama chombo cha vitabu vya upishi vya kigeni.

Turudi Feri. Saa kumi na moja jioni si saa nzuri ya kununua samaki, hilo niliseme wazi. Mnada wenyewe ni wa asubuhi, vyombo vinapoingia. Samaki aliyeshushwa saa kumi na mbili asubuhi anapofika mikononi mwangu ana saa kumi na moja nchi kavu, kwenye joto la Dar es Salaam. Kinachomwokoa ni barafu, na barafu ndiyo ninayoiangalia kabla ya samaki. Nikikuta samaki wamepangwa vizuri, wanang'aa kwa maji ya kumwagiwa na barafu hakuna, napita. Nikikuta wamefukiwa kwenye barafu hadi siwaoni vizuri, hapo ndipo nasimama.

"Karibu mama, changu wa leo huyu."

"Kaka, nifunulie mashavu nione."

Muuzaji mkweli anafunua bila kusita. Matamvua yawe mekundu, si ya rangi ya chai. Jicho liwe limejaa, linaangaza, halijazama. Bonyeza mgongoni kwa kidole: nyama irudi, shimo lisibaki. Na umnuse. Samaki mpya ananuka bahari. Ile harufu kali tunayoiita harufu ya samaki hujijenga kadiri samaki wa baharini anavyokaa. Sehemu kubwa ni kemikali iitwayo trimethilamini, na kwa kuwa hiyo ni ya jamii ya alkali, asidi ya ndimu inaituliza. Ndiyo maana ndimu na samaki havikuachana tangu zamani. Lakini ndimu haimfufui aliyelala. Inafunika harufu tu.

Kwa ajili ya trei nataka samaki wa mnofu mweupe: changu, tasi, kelea, chewa mdogo. Weupe huo una sababu yake. Jodari anasafiri bahari kuu bila kupumzika, misuli yake inahitaji oksijeni muda wote, na protini inayoitunza oksijeni hiyo, myoglobini, ndiyo inayompa nyama nyekundu. Changu na chewa ni wa miambani. Wanakaa, wananyemelea, wanachomoka ghafla, wanarudi kujificha. Misuli ya namna hiyo haihitaji akiba kubwa ya oksijeni, na mafuta yake ni machache. Kibua ana mafuta mengi, hata ukipitiliza dakika tano bado analika vizuri. Mnofu mweupe hauna akiba hiyo. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na kazi yote ya kuoka ni kuyazuia yasitoke.

Chewa mkubwa, wa kubebwa na watu wawili, simnunui hata vipande vyake vikiwa vizuri namna gani. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakishakua sana baadhi yao hugeuka madume. Ukimaliza wakubwa unapunguza madume, na mwamba unaweza kubaki na majike mengi na wenza wachache. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vinashindwa kutoka na bei inapanda. Miezi hiyo nanunua tasi wadogo wanne badala ya changu mmoja, na nalipa kidogo zaidi bila kunung'unika kwa sababu nimewahi kuyaona yale mawimbi. Tasi lakini mwambie anayempara akate miiba ya mgongoni kwanza. Ina sumu, na ikikuchoma mkono utauma usiku kucha.

Kupara nawaachia wenyewe. Kuna mzee mmoja upande wa kuparia ambaye kisu chake kimesagika hadi kimekuwa chembamba kama bua. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, na huku ananiuliza mkono wake tayari unarusha magamba.

"Kichwa nitoe?"

"Hapana mzee, kichwa kibaki. Cha mama."

Anamtumbua, anamwosha tumboni hadi ule utando mweusi unaoshikamana na mbavu umetoka wote, maana ukibaki unatia uchungu. Anamchanja mikato mitatu kila upande, inayofika karibu na mfupa. Namtia kwenye ndoo yangu yenye mfuniko pamoja na konzi mbili za barafu. Ndoo ni kwa ajili ya samaki na pia kwa ajili ya wenzangu kwenye pantoni, ambao wametoka kazini kama mimi na hawana haja ya kuvuka wakinusa mkoba wangu.

Nyumbani nafika kama saa kumi na mbili na nusu. Kitu cha kwanza, kabla ya kuvua viatu, nawasha oveni digrii 220. Ipate moto wakati nakata mboga.

Hapa ndipo muhogo wa mama unapoingia. Panga mboga zako kwa ugumu wake, kama watu kwenye foleni. Viazi mviringo na karoti viko mbele. Navikata vyembamba, kiazi unene wa nusu sentimita, kwa sababu unene ndio muda. Vitunguu vinafuata, nimevikata mapande makubwa yenye kushikana kwenye shina ili yasitawanyike. Hivyo vitatu navikausha kwa kitambaa safi, natia vijiko vitatu vya mafuta na chumvi kidogo, navichanganya kwa mkono mpaka kila kipande kimelowa mafuta, navitandaza. Vitandazwe kweli, visirundikane. Maji yakichemka hayapandi juu ya digrii 100, na kipande cha kiazi chenye maji juu yake hakiwezi kupata rangi mpaka maji hayo yaishe. Ukirundika mboga, mvuke wa za chini unazichemsha za juu, ukitoa trei unakuta viazi vya kuchemsha. Ukitandaza, unapata viazi vilivyokamata wekundu pembeni na vitunguu vilivyoingia utamu.

Trei inaingia. Dakika 20.

Dakika hizo ishirini ndizo zilizonifanya niipende njia hii. Karai linakudai usimame. Oveni haikudai. Mwanangu mkubwa analeta daftari la hesabu, mdogo wake anaogeshwa, mama yuko kwenye msala anaswali magharibi. Mimi nakaa na kinu kidogo, natwanga kipande cha tangawizi, punje tano za kitunguu saumu, pilipili mbuzi nusu na mbegu za giligilani kijiko kimoja. Namtoa samaki kwenye ndoo, namkausha ndani na nje, nampaka chumvi, kisha viungo vile, nikivisukuma kwa kidole ndani ya ile mikato. Ndimu simpaki mapema. Nilikuwa namlowesha kwa ndimu saa nzima, nikidhani ndivyo ladha inavyoingia, kumbe asidi inaanza kuiivisha nyama kabla ya moto. Unaiona inageuka nyeupe na kukaza, na ikiingia kwenye oveni inakuwa kama imeiva mara mbili. Ndimu sasa inangoja mezani, au nusu yake naibana dakika ya mwisho.

Daktari alimwambia mama apunguze chumvi na vya kukaanga kwa ajili ya presha. Nilidhani atakosa raha ya chakula. Hakukosa. Tangawizi, pilipili na ndimu vinaziba pengo la chumvi kuliko nilivyotarajia, na trei nzima ya watu watano inatumia mafuta machache kuliko nilivyokuwa namwaga kwenye karai kukaanga samaki wawili.

Dakika 20 zikiisha natoa trei, nageuza viazi, naongeza hoho na bamia. Bamia naziacha nzima, kichwa chake nakipunguza tu bila kutoboa, na hazitoi ule mlenda kabisa. Hata wasiozipenda wanakula. Nyanya ndizo za mwisho kabisa, nimezikata nusu na kukamua mbegu na maji kidogo, nazigeuza uso wa mkato juu. Nyanya zikitangulia, trei inageuka mchuzi. Natengeneza nafasi katikati, namlaza samaki, nashusha moto hadi digrii 200.

Muda wa samaki usiutafute kwenye saa, utafute kwenye unene wake. Mlaze, mpime sehemu nene zaidi, nyuma ya kichwa. Kwa kila sentimita mbili na nusu, dakika kumi, na kwa samaki mzima mwenye mfupa ongeza kidogo. Changu wa kilo moja kwangu anachukua dakika 20 hadi 22. Tasi wadogo, dakika 12. Nyama ya samaki imepangwa kwa matabaka, na baina ya tabaka na tabaka kuna utando mwembamba unaoyeyuka kwa joto dogo sana ukilinganisha na kano za ng'ombe. Ndiyo maana ng'ombe anataka saa na samaki anataka dakika. Dakika ikizidi, nyuzi zinajikaza na kuyakamua maji yaliyomo.

Dakika ya 17 nafungua mlango, nainama. Jicho la samaki limegeuka jeupe, gumu, kama ushanga. Ngozi imevimba kwenye mikato na kupasuka kidogo, na ndani ya mkato naona nyama. Karibu na ngozi ni nyeupe kama maziwa. Karibu na mfupa bado ina ule ung'avu, kama kioo chenye ukungu. Nachomeka ncha ya kisu pale nyuma ya kichwa, naizungusha taratibu. Tabaka la kwanza linaachia, la pili linang'ang'ania mfupa. Bado kidogo. Nafunga. Dakika ya 21 narudi: tabaka zote zinaachia mfupa kwa pamoja, zimelowa, zinameremeta, na maji yanayochuruzika ni meupe. Hapo hapo natoa. Wenye kipimajoto cha nyama wachome sehemu ile ile. Digrii 63 inatosha. Kisha mwache apumue dakika tatu juu ya meza, maana joto lililobaki ndani linaendelea na kazi.

Mama ana nyongeza yake na nimeikubali kwa moyo wote. Wiki za mwanzo alikula, akasifu, halafu akasema kinakosekana kitu. Alikuwa na maana ya nazi. Jioni moja nilimkuta amekaa juu ya mbuzi, anakuna. Alikamua tui zito kikombe kimoja bila kuongeza maji mengi, akatia chumvi chembe na manjano kidogo, akaniagiza nilimwage kwenye trei dakika saba kabla ya kutoa. Nilihofia litakatika. Halikukatika, kwa sababu ya ule muda mfupi. Liliingia chini ya viazi, likajishika pembeni mwa trei likawa hudhurungi, na mboga zote zikapata ile harufu ya samaki wa kupaka. Watoto waligombania kukwangua pembe za trei. Tangu hapo Alhamisi ni ya tui na Jumanne ni ya ndimu.

Kwa mlioko bara, msidhani haya ni ya watu wa pwani peke yao. Nikienda Mwanza kwa wifi yangu naoka sangara, na kwa kuanza kujifunza sioni samaki anayemfaa mtu kuliko yeye. Mnofu wake ni mweupe, mnene, hauna vimiiba vya kumtia mtoto hofu, na kule sokoni Kirumba unaukuta wa asubuhi ile ile. Wakenya wanamwita mbuta na Waganda mputa. Aliingizwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950 na 1960, na sato wa asili na samaki wadogo wengi wa ziwa lile waliumia sana kwa ujio wake. Ndivyo alivyofika, na sasa ni chakula na ajira ya watu wengi mno. Mnofu wa sangara wa nusu kilo, wenye unene wa sentimita tatu, uloweshe kwa chumvi robo saa, ukaushe, uutie juu ya mboga zilizokwisha kulainika, dakika 12 hadi 14 kwa digrii 200. Mnofu hauna ngozi wala mfupa wa kuulinda, kwa hiyo upake mafuta juu, au ufunike kwa vipande vya nyanya. Sato mwoke mzima, kama changu.

Asiye na trei nzuri atumie jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulainika, lisije likapasuka, kisha umfungie samaki humo na vitunguu vyake. Atakachopata si kuoka hasa, ni kuivisha kwa mvuke, na ngozi haitakamata rangi. Lakini kwa tasi wadogo naona ndiyo njia bora kuliko foili, maana jani linaacha harufu yake.

Kuhusu umeme, maana najua swali hilo linakuja: oveni yangu ni ile ndogo ya mezani, ya wati 1,500. Ikiwaka mfululizo kwa saa nzima ingekula uniti moja na nusu, ila haiwaki mfululizo, inajizima na kujiwasha yenyewe ikishafika joto. Nimewahi kuangalia mita kabla na baada, na trei nzima ilikula pungufu ya uniti moja. Siku umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Oveni iliyokwisha kushika moto inaendelea kuivisha samaki kwa dakika kadhaa bila msaada. Mboga zikiwa zimetangulia, hapo unakuwa umeokoka. Kilichobaki ni samaki, na samaki hataki mengi. Ukiona hata hivyo hajaiva, sufuria pana yenye mfuniko juu ya jiko la mkaa, makaa kidogo chini na makaa mengi juu, inamalizia kazi. Mama amenionyesha mara mbili.

Tunakula saa mbili kasorobo. Trei yenyewe inawekwa katikati ya mkeka, juu ya kitambaa kilichokunjwa, na wali pembeni au mkate wa siku hiyo. Mwanangu mdogo, ambaye hoho kwenye mchuzi alikuwa anazitoa moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani, anakula hizi za kuoka kwa sababu zimekuwa tamu na ngozi yake imeungua kidogo. Sikumlazimisha. Mume wangu anachambua upande wa juu wa samaki, anainua mfupa mzima kuanzia mkiani kama mtu anayefungua zipu, na kuuweka kando. Hapo watoto wanaweza kula upande wa chini bila mimi kukaa roho juu.

Kichwa kinaenda kwa mama. Ana utaratibu wake nacho ambao nimeutazama tangu nikiwa mtoto. Anaanza na shavu, kile kipande kidogo cha mviringo, anakitoa kizima kwa ncha ya kidole gumba. Zamani alikuwa anakila yeye. Siku hizi anakigeuza kwenye tui la pembeni mwa trei, anakipulizia, anakitia mdomoni mwa mjukuu aliyekaa karibu naye. Cha upande wa pili anampa mwingine, ili wasigombane. Ndipo anaanza kunyonya mifupa, taratibu, bila kuzungumza na mtu, mpaka inabaki myeupe.

Kinachobaki kwenye trei, kama kipo, mama anakiponda usiku ule ule pamoja na viazi, anatia pilipili manga na giligilani mbichi, anakifunika na kukitia kwenye friji. Alfajiri, nikiwa bado natafuta viatu, nasikia anapiga yai kwenye bakuli. Katlesi nne. Mbili za watoto, moja ya mume wangu, na moja ninayoila kwenye pantoni, nimesimama upande wa kuangalia Feri, vyombo vya usiku vikiwa vinaingia.